Mzani umegoma kwenye kilo 88

SWALI

Shikamoo dada,

Nina miaka 41, mama wa watoto wawili, naishi Tabata, Dar es Salaam, ila kwetu ni Masasi. Miezi kumi na moja iliyopita nilikwenda India kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ile baipasi ya tumbo. Nilikuwa na kilo 124 na urefu wangu ni sentimita 160. Kisukari kilikuwa kimenikamata, najidunga insulini asubuhi na usiku, na vidonge juu yake. Mume wangu alikopa SACCOS, mimi nikauza kiwanja changu cha Chanika, tukaenda.

Mwanzo ulikuwa mzuri mpaka mtaani wakaanza kunong'ona kwamba naumwa. Wiki ya tatu mzani ulisimama kidogo, nikaambiwa ni kawaida, na kweli ukaendelea kushuka. Insulini daktari aliniachisha mapema, na siku hizi hata vidonge vya sukari sinywi. Nilipotimiza miezi tisa tangu upasuaji nilikuwa na kilo 88. Leo bado ni 88. Napima kila asubuhi kabla ya kuoga: 88, 88.6, 87.9, 88.3. Mwezi wa pili unaisha hivi. Kikokotoo cha kwenye simu kinasema kwa urefu wangu nisizidi kilo 64, na hapo ndipo nilipania kufika kabla ya harusi ya mdogo wangu mwezi Desemba. Sare tumeshachagua.

Kinachonichanganya ni kwamba sili. Asubuhi kikombe kikubwa cha uji wa lishe wenye karanga na soya, maana mama mkwe tunakaa naye na anasema aliyekatwa utumbo lazima arudishe nguvu. Mchana kazini wali vijiko sita, vipande viwili vidogo vya nyama na mchicha, nimeshiba. Usiku nusu chapati na maharage. Soda niliacha kabisa, chipsi na maandazi sigusi. Katikati hapo ni chai ya maziwa tu, kama vikombe vitatu, na korosho kidogo ambazo dada zangu wananitumia kutoka nyumbani, nimeziweka kwenye droo ya ofisini. Ila kuna siku, ikifika kama saa kumi jioni, natetemeka, jasho linanitoka na moyo unakwenda mbio. Nikinywa chai yenye sukari natulia.

Halafu nimechoka dada. Ngazi za ofisini ni ghorofa ya pili tu lakini nafika juu nahema. Nywele zimepukutika. Na usinicheke, nimeanza kula udongo, ule wanaouza sokoni kwa wajawazito, na mimba sina, nimepima. Vitamini nilizokuja nazo ziliisha nilipofikisha miezi sita, nikajiona niko vizuri, sikununua nyingine. Magoti bado yananiuma, nameza diklofenaki za duka la dawa karibu kila siku ili jioni niweze kutembea kama nilivyoagizwa. Uzazi wa mpango natumia sindano ya miezi mitatu, maana niliambiwa nisishike mimba kwanza.

Mratibu wa kule nilikopasuliwa hajibu tena meseji. Rafiki yangu wa saluni, naye alipasuliwa, anasema mfuko wangu umetanuka, nifunge siku kumi kwa maji na juisi tu utarudi. Mwingine ananiuzia sindano za kupungua, anasema ndizo wanazotumia mastaa. Na mume wangu juzi kaniambia, "Tumelipa mamilioni ili uishie 88?"

Je, ni kweli mfuko umetanuka? Nifanye nini mzani ushuke tena?

Mama wawili, Tabata

JIBU

Marahaba mdogo wangu.

Kabla hatujafika kwenye mzani, weka hizo diklofenaki pembeni leo. Kwa mtu wa baipasi ni dawa ya hatari. Daktari alikutengenezea kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, akakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Pale kwenye maungio utumbo haukuumbwa kukaa na asidi, na dawa za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinapunguza hata ile kinga kidogo iliyopo. Kidonda kikitokea hapo kinaweza kuvuja damu au kutoboka kabisa. Usije ukahamia kwenye sindano ya diklofenaki ukadhani umelikwepa tumbo. Dawa inafika palepale kupitia damu. Magoti yakiuma, tumia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, na kila anayetaka kukuandikia dawa ya maumivu mwambie kwanza kwamba una baipasi. Ukisikia maumivu makali juu ya tumbo, ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane.

Sasa kilo 64. Namba hiyo umepewa na simu. Kikokotoo kimechukua urefu wako kikakupa mpaka wa juu wa uzito unaoitwa wa kawaida. Hakijui kwamba ulianzia 124 wala kwamba umepasuliwa. Kutoka 124 mpaka 64 ni kupoteza karibu nusu ya mwili wako. Wapo wanaofika huko, ni wachache, na sioni haki ya kumpimia mtu kwa wachache hao. Sweden kuna utafiti maarufu ulioanza mwaka 1987, ukafuatilia watu zaidi ya 4,000 wenye unene uliokithiri, karibu nusu yao wakiwa wamepasuliwa. Wale wa baipasi walipungua kwa wastani asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza hadi wa pili. Kisha uzito ukarudi kidogo, na baada ya miaka 10 walikuwa chini kwa asilimia 25 ya walikoanzia. Ziweke namba hizo kwenye mwili wako. Ukipungua asilimia 32 unabaki na kilo 84 hivi. Asilimia 25 inakuacha na 93. Wewe uko 88 na hata mwaka haujatimia.

Kwa hiyo upasuaji wako umefanya kazi, tena vizuri. Wengi wa baipasi huendelea kupungua polepole hadi mwezi wa 12, wengine hadi wa 18, na kwa niliyoyasoma kwenye barua yako naona bado kuna kilo kadhaa zinazoweza kutoka. Ila hiyo sare ya Desemba, mwambie fundi apime mwili ulio nao.

Kule kusimama kwa wiki ya tatu kulikuwa habari ya maji. Mwanzoni mwili unatumia akiba ya wanga iliyo kwenye ini na misuli, na akiba hiyo hukaa na maji mengi, kwa hiyo kilo zinatoka kwa fujo. Mwili ukianza kujipanga upya, maji yanarudi kidogo na mzani unatulia hata kama mafuta yanaendelea kuungua. Kusimama kwa sasa ni kwingine. Mwili wa kilo 88 hautumii nishati ya mwili wa kilo 124. Kila hatua unayopiga inabeba kilo 36 pungufu, na matumizi ya siku yameshuka kwa mamia ya kalori. Tena mwili uliopungua haraka huwa unabana matumizi hata kuliko ukubwa wake unavyodai. Upande wa pili, ile njaa iliyotoweka miezi ya kwanza inaanza kurudi unapokaribia mwaka, na kifuko ambacho mwanzoni kilijaa kwa vijiko viwili sasa kinapokea chakula cha ujazo wa kikombe. Hilo ni la kawaida, huwapata wengi. Matumizi yanashuka, ulaji unapanda taratibu, siku moja vinalingana, na siku hiyo mzani unasimama.

Tuangalie ulaji wenyewe. Umeniandikia vijiko vya wali kwa uangalifu mkubwa, halafu chai ukaipitisha kwa kusema ni chai tu, na korosho ni kidogo. Mimi nimeanza kusoma huko huko. Kikombe cha chai ya maziwa chenye vijiko viwili vya sukari kina kalori kama 120 hadi 150, kutegemea wingi wa maziwa. Vitatu ni 400 hivi. Kikombe kikubwa cha uji wenye karanga na sukari ni 200 au zaidi. Korosho ndizo zinazonitisha: konzi moja ndogo, gramu 30, ni kalori kama 165, na sijawahi kuona droo ya korosho inayofunguliwa mara moja kwa siku. Tuseme konzi mbili. Jumla tunapita kalori 900, na sahani ya mchana hatujaifikia. Kwa mtu aliyepasuliwa kama wewe hiyo yaweza kuwa nusu ya siku nzima au kupita.

Hapo ndipo wengi wa baipasi wanapokwamia. Kifuko kinazuia nyama, kinazuia samaki, kinazuia ugali mgumu. Kinachoteleza hakikizuii: uji, chai ya maziwa, juisi, aisikrimu, biskuti iliyolowekwa, korosho zilizotafunwa mpaka zikawa uji. Vinapita bila kukaa, hushibi, na baada ya muda mfupi mkono uko kwenye droo tena. Mtu anaapa hali kitu, na kwa kweli hasemi uongo, maana sahani yake ni ndogo kweli.

Na lile tukio la saa kumi jioni nimelisoma mara mbili. Kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio saa moja hadi tatu baada ya kula, kisha kutulia ukipata sukari, kunafanana sana na sukari ya damu kuporomoka. Huwapata baadhi ya watu wa baipasi, mara nyingi kuanzia wakati kama huu wako na kuendelea. Wanga unaingia kwenye utumbo kwa kasi, mwili unamwaga insulini kupita kiasi, sukari inaanguka. Ukiizima kwa chai ya sukari inapanda juu, inaanguka tena, nawe unarudi kwenye chupa ya chai. Mashine ya kupima sukari naamini bado iko kabatini tangu enzi za insulini. Nunua vijiti vipya, na siku utakapotetemeka upime, uandike namba, saa, na ulichokula kabla ya hapo. Ikisoma chini ya 3.9 (kwa mashine ya mmol/L), imeshuka. Ikisoma chini ya 3.0, au ukiwahi kuzimia au kuchanganyikiwa, muone daktari wiki hiyohiyo. Siku yenyewe kujiokoa na sukari kidogo ni sahihi, ila fuatisha kitu chenye protini, yai la kuchemsha au mtindi usio na sukari, ili isianguke tena. Kinga yake ni kupunguza wali wa mchana na kuanza mlo na nyama na mboga, wali uje mwisho kama nafasi imebaki.

Simwambii mtu wa Kusini aache korosho. Zitoe kwenye droo, zirudi nyumbani, hesabu kumi kwa siku na uzile pamoja na mlo. Chai ya maziwa baki na kikombe kimoja bila sukari, vingine viwe chai ya rangi yenye tangawizi au mdalasini. Usinywe chochote unapokula, na baada ya kula subiri nusu saa. Uji nao uondoke asubuhi, yaingie mayai mawili. Najua hapo kuna mama mkwe. Mama yuko sahihi kwamba unahitaji nguvu, sema uji haukupi ile unayoipungukiwa. Mpe kazi nyingine: dagaa wakavu waliochambuliwa vizuri, samaki wa mchuzi mwepesi, choroko, maharage yaliyoiva sana. Mama aliyepewa kazi ya kupika hakusumbui kama mama aliyenyimwa uji wake.

Protini unayotakiwa kufikisha ni gramu 60 hadi 80 kwa siku, na kwa ulichoniandikia sidhani unafika hata nusu. Mayai mawili yana gramu 12. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina 20 na kidogo. Kuku wa kiasi kinachojaa kiganja, 20 na ushee tena. Nusu kikombe cha maharage 7, glasi ya mtindi 8. Ukizijumlisha umefika, na tumbo lako dogo linaweza kuzipokea zikigawanywa milo mitatu na kitafunwa kimoja katikati. Protini inakaa tumboni, inakushibisha, na inalinda misuli.

Misuli ina uzito wake katika hadithi hii. Mtu anayepungua haraka hapotezi mafuta peke yake, anapoteza na nyama, na nyama ndiyo inayochoma nishati hata ukiwa umekaa. Kutembea jioni ni kuzuri, endelea, lakini hakujengi misuli vya kutosha. Mara mbili au tatu kwa wiki fanya kazi ya nguvu: kaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika popote, sukuma ukuta, nyanyua madumu ya lita tano yenye maji. Ukianza wiki hii, anza kidogo sana, kwa sababu ya hili linalofuata.

Siwezi kucheka udongo wako. Mwanamke aliye bado kwenye umri wa hedhi, aliyepasuliwa baipasi, aliyeacha vidonge miezi mitano, anayehema kwenye ngazi na kutamani udongo: kabla ya kitu kingine mpimeni damu na madini ya chuma. Chuma kinafyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, sehemu ambayo baipasi imeiruka. Asidi ya tumbo inayosaidia kukifyonza nayo imepungua. Chai unayokunywa karibu na mlo inakizuia, na udongo wenyewe unakizuia pia, kwa hiyo unachokitamani ndicho kinachokuongezea upungufu. Na hizo diklofenaki huenda tayari zinakuvujisha damu kidogo kidogo bila wewe kuona. Mtu aliyeishiwa damu hatembei, hapandi ngazi, anakaa, akikaa hachomi, mzani unasimama. Naona sehemu kubwa ya kukwama kwako iko hapa, na hakuna mlo wa kupungua utakaoitibu.

Omba kipimo cha wingi wa damu na cha feritini, yaani akiba ya chuma. Omba na vitamini B12, foliki, vitamini D na kalsiamu, na tezi ya shingo wakiangalia ni vizuri zaidi. Vidonge vya baipasi ni vya maisha yote. Mwanamke wa umri wako anahitaji chuma miligramu 45 hadi 60 kila siku kama kinga, na akishapungukiwa anahitaji zaidi, wakati mwingine dripu, hiyo ataamua daktari. Kalsiamu ni miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku ukiigawanya, na chagua ile ya sitreti kwa sababu haihitaji asidi nyingi kufyonzwa. Usiimeze pamoja na chuma. Ziachane saa mbili. B12 kuna vidonge na kuna sindano ya kila mwezi, na sindano ni rahisi kwa anayesahau. Ni gharama, sikatai, lakini upungufu wa B12 ukiachwa unaharibu mishipa ya fahamu, na huo uharibifu wakati mwingine haurudi. Nywele kupukutika kati ya miezi mitatu na sita huwapata wengi wakaota tena. Kupukutika mpaka leo kunaelekeza kwenye chuma na protini.

Kuhusu mfuko kutanuka: umeniambia unashiba kwa vijiko sita vya wali na vipande viwili vya nyama. Kifuko kilichotanuka hakishibi hivyo. Kipo kutanuka kweli, hata tundu kufunguka kati ya kifuko na tumbo la zamani, lakini mtu wa namna hiyo anamaliza sahani nzima bila kusikia kizuizi, au anapata kiungulia na maumivu mapya, na hapo daktari anatazama kwa endoskopia au kwa picha ya eksirei huku unameza dawa nyeupe. Siku kumi za juisi hazirudishi kifuko chochote. Kwako zitakupa sukari ya kupanda na kuanguka, zitakula misuli, na kwa mtu asiyemeza vitamini kula vibaya kwa siku mfululizo kunaweza kumaliza vitamini B1, ambayo ikiisha inagusa ubongo. Mzani utashuka kweli siku hizo, kwa maji, na utarudi wiki inayofuata. Rafiki yako wa saluni mpende, ila asikuandikie mlo.

Sindano za mastaa nazo. Dawa zenyewe, semaglutidi na tirzepatidi, zipo na zinafanya kazi, na madaktari huwapa hata baadhi ya waliopasuliwa uzito ukigoma au ukirudi. Hiyo ni mazungumzo ya baadaye na daktari, baada ya damu yako kukaa sawa. Za kuuziwa mkononi hujui zimetoka wapi wala kama zimewahi kuona friji.

Sindano ya uzazi wa mpango usiiache ghafla, maana mimba inashauriwa isubiri miezi 12 hadi 18 tangu upasuaji, na uzito ukipungua uwezo wa kushika mimba unaongezeka. Lakini sindano hiyo huwaongezea baadhi ya wanawake uzito, na inapunguza uimara wa mifupa, jambo ambalo baipasi nayo inaweza kulifanya. Muulize nesi wa uzazi wa mpango njia nyingine. Vidonge vya majira si vya kutegemea baada ya baipasi. Kitanzi cha madini ya shaba kinaweza kuongeza hedhi, na wewe damu ya kupoteza huna. Kijiti, au kitanzi chenye homoni kama kinapatikana, nadhani ndiyo mazungumzo yako.

Mzani pima mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi. Hizo 88.6 na 87.9 ni maji, chumvi, choo na mzunguko wa hedhi. Hazina habari yoyote ndani yake isipokuwa kukuharibia asubuhi. Pima na kiuno kwa futi ya fundi kila mwezi, maana ukianza kunyanyua madumu kiuno kinaweza kupungua mzani ukiwa hapohapo.

Acha kumsubiri mratibu. Chukua ripoti ya upasuaji uliyorudi nayo na orodha ya kila unachomeza, muone daktari wa magonjwa ya ndani au wa upasuaji hapo Dar es Salaam, na mtaalamu wa lishe kama hospitali inaye. Si lazima awe aliyekupasua. Vipimo vya damu nilivyotaja havihitaji India.

Na mumeo. Amesema "tumelipa", na kiwanja cha Chanika kilikuwa chako, hilo mkumbushe kwa upole. Kisha mtajie bei ya insulini, sindano na vidonge mlivyokuwa mkinunua kila mwezi, ambavyo leo hamnunui. Mlikwenda India na mgonjwa wa kisukari mwenye kilo 124; leo ana 88 na hadungi insulini wala hamezi vidonge vya sukari. Ila msijisahau wote wawili: kisukari kilicholala baada ya baipasi kinaweza kuamka, hasa uzito ukianza kurudi, kwa hiyo kile kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu iliyopita, kifanyike angalau mara moja kwa mwaka. Na kwa kuwa damu yako inawezekana ina upungufu wa chuma, ambao unaweza kuyapotosha majibu ya kipimo hicho, mwambie daktari mapema ili akisome akijua.